Beetle ya volti 6: redio, chaja na taa za ziada bila kuua dainamo

Swali la msomaji: "Nina Volkswagen Beetle ya mwaka 1963 hapa Arusha, bado iko kwenye betri ya volti 6. Nataka kufunga redio yenye Bluetooth, chaja ya simu, na taa mbili za ziada mbele, maana usiku sioni vizuri. Fundi mmoja ameniambia nibadilishe betri tu niweke ya volti 12, kwa sababu nyaya ni zilezile. Mwingine anasema niache gari lilivyo na nitafute vifaa vya volti 6 vitupu. Nimsikilize yupi?"

Ndugu, fundi wa kwanza amesema kweli kwenye nyaya, lakini kwenye betri amekosea vibaya. Nyaya za gari la volti 6 ni nene kuliko za gari la volti 12 lenye kazi ileile, kwa hiyo zitaubeba umeme wa volti 12 bila shida. Tatizo ni kila kitu kilichofungwa mwisho wa nyaya hizo: balbu, wipa, honi, koili, choki, na dainamo yenyewe, ambayo haiwezi kuichaji betri ya volti 12 hata ukiendesha kutoka hapo hadi Dar es Salaam. Fundi wa pili yuko karibu zaidi na ukweli, ila amekufungia mlango ambao haukuhitaji kufungwa. Vifaa vidogo vya volti 12 vinaweza kufanya kazi ndani ya gari la volti 6. Swali gumu zaidi kwenye gari lako ni wati: dainamo inatoa ngapi, na nyaya za miaka 60 zinapoteza ngapi njiani.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha gari ni la volti 6 kweli, lote. Usiamini mwaka peke yake. Volkswagen ilianza kuhamia volti 12 na magari ya modeli ya 1967, yaliyoanza kutoka kiwandani Agosti 1966, lakini Beetle za bei nafuu za baadhi ya masoko ziliendelea na volti 6 baada ya hapo. Zaidi ya hayo, gari lililopita mikononi mwa watu wengi huwa na mchanganyiko. Inua kiti cha nyuma uhesabu vifuniko vya betri: vitatu ni volti 6, sita ni volti 12. Ikiwa betri haina vifuniko, pima kwa multimita baada ya gari kulala usiku kucha. Betri nzima ya volti 6 itaonyesha kama 6.3 hadi 6.4. Kisha toa balbu moja moja na usome maandishi kwenye kitako chake. Si ajabu kukuta balbu ya volti 12 imechomekwa kwenye taa ya nyuma na mwenye gari akadhani taa za Volkswagen ndivyo zilivyo, hafifu.

Sasa tuone kinachotokea vitu visipolingana, kwa sababu ukilielewa hili utaweza kuamua mwenyewe kuhusu kifaa chochote utakachouziwa. Balbu ya taa kubwa ya gari lako ni ya wati 45 kwa volti 6. Inavuta ampea 7.5, na ukinzani wake ukiwaka ni omu 0.8. Ukiipelekea volti 12, kihesabu ingetumia wati 180, mara nne ya ilichotengenezewa. Inawaka mweupe mkali kwa kitambo kifupi kisha uzi unakatika. Upande wa pili, balbu ya volti 12 kwenye volti 6 haiungui, lakini uzi wake unabaki mwekundu kama kaa linalozimika, na mwanga unaotoka ni kidogo sana kiasi kwamba dereva aliye nyuma yako hataona umekanyaga breki. Huo ndio mchanganyiko wa hatari kuliko yote, kwa sababu hauonyeshi dalili ya kuharibika.

Mota ni jambo jingine. Watu hudhani mota ya volti 12 kwenye volti 6 itazunguka polepole tu. Mara nyingi haipati nguvu ya kuanza, inakwama huku umeme ukiendelea kupita, na mota iliyokwama inachemka hadi vanishi ya koili zake inaungua. Rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa) ya volti 12 nayo inahitaji takriban volti 7 hadi 8 ili ivute, hivyo kwenye gari lako itavuta ukiwa mwendo kasi na kuachia ukiwa kwenye foleni. Hitilafu ya namna hiyo inaweza kumchosha fundi wiki nzima. Vifaa vya kielektroniki, kama redio na chaja, kwa kawaida haviharibiki kwa volti pungufu. Havitawaka, au vitawaka na kuzima.

Tuje kwenye hesabu ya dainamo. Dainamo ya Bosch ya Beetle ya miaka hiyo ni ya wati 180, yaani ampea 30, na hizo ni za injini ikiwa imechangamka. Usiku wa mvua gari lako linatumia hivi: taa kubwa mbili wati 90, taa za nyuma wati 10, ya namba wati 5 hivi, za dashibodi wati 3, koili wati 15, wipa kama 20. Jumla ni wati 143. Zimebaki 37. Ukikanyaga breki, balbu mbili za wati 18 zinakula 36 kati ya hizo. Kwa hiyo nafasi yako ya kudumu ni kama wati 35, na haipo kabisa injini ikiwa sailensa (inanguruma taratibu gari likiwa limesimama), kwa sababu dainamo ya aina hii haichaji mpaka mzunguko upande. Ndiyo maana taa nyekundu kwenye spidomita hupepesa ukisimama. Wakati huo kila kitu kinatoka kwenye betri, ambayo kwa kawaida ni ya ampea-saa 66. Foleni ya saa moja usiku na taa zikiwaka inaondoa kama ampea-saa 20, na stata ya volti 6 haipendi betri iliyopungukiwa theluthi.

Ipime nafasi hiyo ya wati 35 dhidi ya matakwa yako. Chaja ya simu inaingia. Redio ya sauti ya wastani inaingia. Taa mbili za wati 55 haziingii, si kwa volti 6 wala kwa konvata (kifaa cha kubadilisha volti), na hakuna ujanja wa nyaya utakaoziingiza.

Anza na chaja kwa kuwa ndiyo rahisi. Chaja nyingi za kuchomeka kwenye tundu la kiberiti zimeandikwa volti 12–24, na baadhi hujizima volti ikishuka chini ya 8 au 9. Tafuta moduli ya USB ambayo volti yake ya kuingia inaanzia 5 au chini kidogo ya hapo, ile inayoweza kupandisha na kushusha, ili itoe volti 5 kamili hata betri ikiwa imeyumba. Ikitoa ampea 3 kwa volti 5 ni wati 15. Ukiongeza upotevu ni kama wati 18, yaani ampea 2.8 kutoka kwenye betri. Waya wa milimita za mraba 1.5 na fyuzi ya ampea 5 vinatosha. Chukua umeme kwenye mkondo unaozimwa na swichi ya ufunguo, kwa sababu moduli hizi hunyonya hata zisipochaji kitu. Miliampea 50 zinaonekana si kitu, lakini kwa wiki moja ni ampea-saa 8.4, na gari la kale hukaa wiki bila kuwashwa. Ukipiga stata chaja itazima sekunde mbili tatu, na hilo ni kawaida.

Redio inahitaji konvata ya kupandisha volti 6 kwenda 12. Wengine huita transfoma, lakini ukiomba transfoma dukani utapewa kitu cha umeme wa nyumbani ambacho hakifanyi kazi kwenye betri. Unachotaka ni konvata ya DC kwa DC, inayopokea volti 5 hadi 11 na kutoa 12 au 13. Kwa redio ndogo, ampea 3 za kutoka zinatosha, lakini nunua iliyoandikwa 6, maana namba ya kwenye boksi mara nyingi ni ya dakika chache, si ya safari nzima. Ifunge juu ya bati tupu ili ipoe. Hesabu yake ni hii: ampea 3 kwa volti 12 ni wati 36, na kwa ufanisi wa asilimia 85 konvata inavuta wati 42, karibu ampea 6.7 kwenye volti 6.3. Weka fyuzi ya ampea 10 upande wa betri na waya wa milimita za mraba 2.5. Upande wa kutoka, fyuzi ya ampea 5.

Umeona kwamba wati 42 zimeshapita nafasi yetu ya 35. Ni kweli, na ndiyo sababu maandishi ya "4 × 50 W" kwenye uso wa redio yasikusisimue. Ukisikiliza kwa sauti ya mazungumzo, redio itatumia ampea 1 hadi 2 za volti 12. Ukiipandisha hadi milango itikisike, utakuwa unaila betri. Spika mbili zenye usikivu mzuri ("sensitivity" kwenye boksi) zinakupa sauti zaidi kwa wati zilezile kuliko spika nne za bei rahisi, kwa hiyo pesa yako ielekeze huko.

Waya wa njano wa redio ndio unaotunza kumbukumbu ya stesheni na unataka umeme wa kudumu. Usiiache konvata ikiwaka siku zote kwa ajili yake. Unganisha wa njano na mwekundu pamoja kwenye mdomo wa konvata, konvata iwashwe na ufunguo, na uchague redio isiyosahau stesheni umeme ukikatika. Konvata pia hutoa kelele kwenye masafa ya AM na mara nyingine FM, kwa hiyo iweke mbali na waya wa antena, nusu mita au zaidi, na pitisha nyaya zake kwenye pete ya feraiti. Kelele inayopanda na kushuka na injini haitoki kwenye konvata. Tazama brashi za dainamo na nyaya za plagi.

Iko pia njia ambayo watu wengi wenye magari ya asili wanaipenda: ampilifaya ndogo ya Bluetooth ya volti 5, ya wati 3 kila upande, inayolishwa na ile moduli ya USB. Unaificha nyuma ya dashibodi, redio ya zamani inabaki mahali pake kama ilivyotoka kiwandani, na muziki unatoka kwenye simu. Haihitaji konvata ya volti 12 kabisa. Kwa gari linalopelekwa kwenye maonyesho ya magari ya kale, ningechagua hii.

Sasa taa, na hapa ndipo ningetaka utumie muda wako. Kwanza usinunue taa za ziada. Karibu kila Beetle ya volti 6 inayolalamikiwa kuwa haioni usiku ina taa nzuri zinazolishwa umeme mbovu.

Mwanga wa balbu ya uzi haushuki sambamba na volti. Unashuka kwa kasi kubwa zaidi. Ukipoteza nusu volti kwenye gari la volti 12, mwanga unapungua kama asilimia 14. Nusu volti ileile kwenye gari la volti 6 inaondoa robo ya mwanga. Volti moja inakaribia kuondoa nusu. Na kupoteza volti moja ni rahisi kwenye gari la umri huu, kwa sababu ampea 15 za taa kubwa zinapita kwenye swichi ya dashibodi, swichi ya mguu ya kubadilisha mwanga, boksi la fyuzi na viungo vingine kadhaa, kila kimoja na kutu yake.

Pima hivi. Chaji betri ijae. Washa taa kubwa za mbali, injini iwe juu kidogo ya sailensa. Weka waya mwekundu wa multimita kwenye nguzo ya chanya ya betri na mweusi kwenye ncha inayoingiza umeme kwenye balbu, balbu ikiwa inawaka. Namba utakayoona ndiyo volti zinazopotea njiani. Ikiwa 0.3 au chini, upande huo uko sawa. Ikifika 0.6 una kazi. Kisha upande wa bodi, yaani chuma cha gari ambacho umeme hupitia kurudi kwenye betri: mweusi kwenye hasi ya betri, mwekundu kwenye ncha ya bodi ya balbu, hapo usikubali zaidi ya 0.2. Utahitaji waya mrefu wa kuongezea kwa kuwa betri iko nyuma na taa ziko mbele. Mwisho, pima betri yenyewe injini ikiwa imechangamka: kama 7.0 hadi 7.4 ni nzuri. Ikibaki 6.3, dainamo au katauti (kidhibiti cha chaji yake) ndiyo mgonjwa, na hakuna usafi wa nyaya utakaosaidia.

Tiba ya kwanza ni kusafisha. Ondoa waya wa hasi wa betri, kisha toa kila fyuzi, zile nyeupe za ampea 8 na nyekundu za 16, na usugue mabano yake kwa msasa laini namba 400 hadi shaba ing'ae. Fungua boliti za bodi za taa za mbele, na ule mkanda mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwenye chasi, sugua mpaka chuma kionekane, funga tena na upake grisi kidogo juu. Usisahau mkanda wa gia boksi: injini na gia boksi za Beetle zimekalia raba, na umeme wa kurudi unapita kwenye mkanda mmoja tu. Ukilegea, stata inazunguka kivivu na lawama zote zinamwendea betri.

Tiba ya pili ni rilei, na hii ndiyo inayogeuza gari. Unahitaji rilei mbili za volti 6, ziandikwe hivyo, za ampea 30. Chota waya mpya wa milimita za mraba 6 kutoka chanya ya betri, weka fyuzi ya ampea 30 ndani ya sentimita 20 za kwanza, na uupitishe kando ya fungu la nyaya la asili hadi nyuma ya dashibodi. Hapo unalisha ncha ya 30 ya rilei zote mbili (namba hizi zimeandikwa kwenye rilei yenyewe). Waya wa zamani uliokuwa unakwenda kwenye taa za mbali unaingia ncha ya 86 ya rilei ya kwanza; wa taa za karibu unaingia 86 ya rilei ya pili. Ncha za 85 zinakwenda kwenye bodi. Kutoka 87 unapeleka umeme kwenye balbu, kila balbu na fyuzi yake. Sasa swichi za zamani zinabeba sehemu ndogo tu ya ampea moja badala ya 15, na zitaishi miaka mingi zaidi. Waya wa mita tatu na nusu wa unene huo unapoteza volti 0.15 kwa ampea 15. Ukitumia wa 2.5 utapoteza 0.37, ndiyo maana nasisitiza unene.

Angalia pia kioo cha ndani cha taa. Kama fedha yake imefifia au ina madoa ya kahawia, umeme hautairudisha. Zipo balbu za halojeni za volti 6 zenye kitako kilekile cha P45t ambazo zinaingia bila kukata kitu, na zinafaa, ila soma wati: mbili za wati 60 ni ampea 20, na nafasi yako ya 35 inakwenda karibu yote huko. Chukua zenye wati zinazokaribiana na za asili.

Ukifanya hayo na bado unataka taa za ziada, tafuta za LED zenye volti pana, aina inayotumika kwenye forklifti na pikipiki, iliyoandikwa wazi kwamba inaanzia volti 6. Zile zinazoanzia 9 hazitawaka. Mbili za wati 10 kila moja zinavuta ampea 3.3 hivi, na zinaingia kwenye hesabu. Zilishe kwa rilei yake, ya tatu, iwashwe na mkondo wa taa za mbali tu, ili ukishusha mwanga kwa anayekuja mbele yako zizime zenyewe.

Taa za nyuma ndizo ningezibadilisha kuwa LED kabla ya za mbele, kwa usalama wako. Kitako kiwe kilekile, rangi nyekundu nyuma ya lenzi nyekundu. Ukiweka nyeupe mwanga unatoka wa waridi uliopauka. Indiketa za LED zitaichanganya flasha ya asili, kwa sababu inafanya kazi kwa joto la mkondo wa balbu mbili za wati 18. Mkondo ukipungua, flasha inakaa bila kupepesa au inapepesa kwa haraka. Nunua flasha ya kielektroniki ya volti 6. Taa nyekundu ya dainamo kwenye spidomita iache na balbu yake ya uzi. LED inapitisha umeme upande mmoja tu, na taa hiyo iko kati ya ncha mbili ambazo tofauti yake ndiyo inayokuambia hali ya chaji.

Honi: ya volti 6 au acha. Kompresa za honi za hewa huvuta ampea 15 na zaidi kwa volti 12, hakuna konvata ya busara ya kulisha hiyo.

Lini basi ubadilishe gari zima kwenda volti 12? Kama unaliendesha kila siku usiku, kama mahitaji yako ya kudumu yanapita wati 35, au kama betri na balbu za volti 6 hazipatikani tena unapoishi. Ukiamua, badilisha vyote kwa mara moja. Betri, dainamo pamoja na katauti yake, koili, flasha, honi, mota ya wipa, kipashio cha choki kwenye kabureta, na balbu zote. Zihesabu hadi ile ya ndani na zile ndogo za spidomita, zinakaribia 18. Ukisahau moja ya dashibodi itakatika mara ya kwanza unapowasha taa. Geji ya mafuta haina la kubadilisha, kwa kuwa kwenye gari la mwaka huo inaendeshwa kwa kebo, kama spidomita.

Dainamo za volti 12 nyingi ni nene, milimita 105 kwa 90 za volti 6, kwa hiyo nunua na kikalio chake. Koili usiibahatishe: ya volti 12 ina ukinzani wa omu 3 na kitu, ya volti 6 ni karibu nusu ya hapo au pungufu. Ukiacha ya volti 6, itachemka na platini zitaungua meno. Mota ya wipa ya asili unaweza kuibakiza kwa konvata ya kushusha volti 12 kwenda 6, ampea 10. Rezista inapendekezwa sana, lakini volti inayoondoa inabadilika na mzigo: kioo kikiwa kikavu mota inapunguziwa nguvu palepale inapozihitaji.

Stata iache ile ya volti 6. Itazunguka kwa kasi, na itadumu ukizuia kidole chako: sekunde tatu, nne, basi. Ukiilazimisha sekunde 15 kwa injini isiyotaka kuwaka utaiunguza, na inapoingia kwa nguvu namna hiyo inakula meno ya flaiwili pole pole. Kuweka stata ya volti 12 kunaleta mambo mengine, kwa sababu flaiwili ya volti 6 ina meno 109 na ya volti 12 ina 130, na bushi ya shafti pia ni tofauti.

Kuna ujanja mmoja utakaopewa na mtu mwenye nia njema, nao ni kuweka betri mbili za volti 6 mfululizo, au betri moja ya volti 12 iliyotobolewa, kisha kuchota volti 6 katikati kwa ajili ya vifaa vya zamani. Usikubali. Nusu moja inatumika zaidi ya nyingine, lakini zote mbili zinachajiwa kwa mkondo uleule. Iliyochoka haijai, iliyojaa inazidishiwa hadi inachemka maji, na ndani ya miezi michache zote mbili zimekufa.

Neno kwa anayesoma hili akiwa na Morris Minor au Land Rover ya zamani badala ya Beetle. Magari mengi ya Uingereza ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960 ni ya volti 12, kwa hiyo yanaonekana hayana tatizo, lakini chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Volkswagen ina hasi kwenye bodi, nawe huna wasiwasi huo. Kwenye gari la chanya bodini, redio ya kisasa yenye bati la hasi ikigusa dashibodi ni shoti, na hata ukiitenga kwa plastiki, ganda la waya wa antena linarudi kwenye bodi kupitia madigadi, shoti ileile kwa mlango wa nyuma. Ama utumie konvata iliyotenganishwa kabisa kati ya kuingia na kutoka, ama ugeuze gari: badilisha nyaya za betri, geuza nyaya mbili ndogo za koili, geuza za ampea-mita kama ipo, kisha, kabla ya kuwasha injini, gusisha kwa sekunde moja waya kutoka chanya ya betri kwenye ncha ya F ya dainamo, waya wake wa katauti ukiwa umechomolewa, hadi uone cheche. Ukiruka hatua hiyo dainamo itachaji kinyume na kuunguza ncha za katauti.

Mwisho, kwenye gari lako, kabla hujarudisha kiti cha nyuma. Betri ya Beetle iko chini yake, na springi za kiti ni chuma tupu. Abiria mzito akikaa, springi ikigusa nguzo ya chanya na ukingo wa betri au bodi kwa pamoja, katani na nyuzi za kiti zinashika moto. Betri za badala, hasa za volti 12, mara nyingi ni ndefu kwenda juu kuliko ya asili. Pima nafasi: weka donge la udongo wa mfinyanzi au plastisini juu ya nguzo, rudisha kiti, mkalishe mtu mzima, kisha inua uangalie limebonyea kiasi gani. Ikibaki chini ya sentimita 2, tafuta betri fupi. Na kwa vyovyote vile weka kifuniko cha plastiki ngumu au raba nene juu ya betri nzima, si juu ya nguzo moja tu, na ukifunge kwa mkanda wake ili kisisogee barabara ikiwa mbovu.